Kufundisha watoto wa praimari kula vizuri, vile mi nafanya darasani Mombasa

Juzi mwalimu mpya amekuja kwetu, msichana mdogo tu katoka chuo, akaniambia dada nimepewa somo la lishe gredi tatu, chati niko nayo lakini watoto wanasinzia, nifanyeje. Nikakaa naye mchana mzima. Haya ndo niliyomwambia, nayaweka hapa kwa sababu najua hayuko peke yake. Mi nafundisha upande wa Likoni, watoto wa miaka 7 mpaka 10.

Hatua ya 1: Wiki ya kwanza nyamaza, angalia

Usifundishe kitu. Saa ya breki kaa nao uangalie wanachotoa kwa mikebe na wanachonunua getini, andika kwa daftari. Kwangu ilikuwa mahamri makavu, chapati ya jana, viazi karai, mabuyu, achari, krisps, vibarafu, na wengine hawana kitu kabisa wanazunguka tu uwanjani. Hao wa mwisho waandike ukurasa wao. Mtoto mwenye njaa humfundishi kula vizuri, huyo unamtafutia chakula kwanza, zungumza na mwalimu mkuu kimya kimya watoto wengine wasijue.

Hatua ya 2: Vikundi vitatu, na chakula chenyewe mezani

Vya kutia nguvu, vya kujenga mwili, vya kulinda mwili, basi. Ile chati ya kununua yenye stroberi na brokoli itoe ukutani, hawa watoto hawajaila hiyo brokoli na wengi hawataiona sokoni kwao. Pita soko la Kongowea asubuhi chukua muhogo, viazi vitamu, ndizi, pojo, mbaazi, dagaa, yai, mchicha, bamia, karoti, papai, ndimu, mwaga juu ya meza, wapange wenyewe na wabishane.

Mi huazima na mizani ya duka. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilitoa kiwango cha mboga na matunda kwa siku: miaka 2 hadi 5 angalau gramu 250, miaka 6 hadi 9 gramu 350, kuanzia 10 gramu 400. Waambie watoto wapime 350 yao. Wakiona kipande cha papai, ndizi moja na kifungu kidogo cha mchicha vinafika, wanaelewa kuliko ukiwaandikia ubaoni.

Hatua ya 3: Kuonja

Hapa soma polepole, hapa ndo niliharibu muhula mzima.

Kosa la kwanza, niliwaambia atakayemaliza mchicha atapata biskuti. Wakamaliza kweli, nikafurahi, wiki ya pili siku sina biskuti hakuna aliyegusa. Nilikuwa nimewafundisha kwamba mchicha ni adhabu na biskuti ndo chakula. Usitoe zawadi ya kitu kitamu kwa kula mboga, hata mara moja, hata mgeni akija kukagua.

Kosa la pili linaniuma mpaka leo. Niligawa ubao mara mbili, chakula kizuri huku chakula kibaya huku, na upande wa kibaya nikaandika viazi karai. Darasani kulikuwa na mtoto ambaye mamake anakaanga viazi karai jioni, na ndo vinamlipia karo. Wenzake wakageuka wakamwangalia. Kwa siku kadhaa hakula kitu shuleni, mpaka nilipoenda kwao nikamwomba mamake radhi. Tangu hapo neno baya sitamki kwa chakula cha mtu. Nasema vya kila siku na vya mara moja moja. Viazi karai ni vya mara moja moja, na ukila kula na kachumbari.

Sasa namna yenyewe. Chagua mboga moja tu, moja, na uirudie kila wiki. Mtoto anaweza kuhitaji kuonja kitu mara 8 mpaka 15 kabla hajakizoea, kwa hivyo ukileta mboga mpya kila wiki hakuna watakachozoea na utasema watoto hawa wameshindikana. Anza na tango au karoti, halafu mchicha wa nazi, bamia baadaye, mchunga mwisho kabisa, manake ulimi wa mtoto unasikia uchungu zaidi kuliko wetu, si ukaidi.

Kipimo ni kijiko kimoja cha chai. Hakuna kulazimisha. Asiyetaka kula anuse, anayefuata aguse, mwingine alambe, na kutema kwa tishu kunaruhusiwa bila kuchekwa. Sheria ni moja, hakuna kusema kichefuchefu, unasema inavyokuwa mdomoni: chungu, chachu, inateleza, inavunjika. Tiki kwa daftari ni ya kujaribu, kumaliza hakuhesabiwi. Na wewe mwalimu ule mbele yao kile kile kutoka sufuria ile ile, ukikunja uso umeharibu.

Tahadhari ni nyingi hapa. Uliza wazazi kwanza kwa maandishi nani anadhurika na njugu, samaki, yai au maziwa, usimtegemee mtoto akwambie. Vya kuonja leta vya mimea tu, hapo hakuna atakayeuliza kama ni halali. Mwezi wa Ramadhani acha kabisa hili zoezi, hata wadogo wengine wanafunga, fanya kupanga na kuchora. Maji ya kuoshea yawe yamechemshwa, mikono sabuni, na matunda usikate nyumbani ukaja nayo, kwa joto hili papai lililokatwa alfajiri, ikifika saa nne ni la kutupa, kata hapo hapo. Mara moja nilibeba mchicha wa nazi kwa mkebe uliofungwa ungali moto, kufungua tui limechacha, darasa zima limekunja pua, na mchicha ukapata jina baya mwezi mzima. Tui lipikwe asubuhi ile ile, liletwe kwa chupa ya chai ya mdomo mpana.

Hatua ya 4: Sukari

Chukua chupa tupu ya soda ya mililita 500, watoto wasome lebo. Ikiandikwa gramu 10 kwa kila mililita 100, hiyo ni gramu 50, na kijiko cha chai ni kama gramu 4, basi wapime vijiko kumi na mbili na nusu kwa glasi. Usihubiri, waache waangalie ile glasi.

Mabuyu usiyapige vita. Ubuyu wenyewe una vitamini C na nyuzinyuzi, shida ni ile sukari na rangi. Pika juisi ya ubuyu yenye sukari kidogo muinywe pamoja.

Hatua ya 5: Mama wa getini

Kuna walimu wanataka mama wanaouza getini wafukuzwe. Mi napinga kabisa, wale ni wazazi wetu, wakifukuzwa watoto watavuka barabara kununua ng'ambo. Mfuate, msalimie, nunua, halafu muombe aongeze muhogo wa kuchemsha, ndizi au machungwa yaliyomenywa. Wetu alikubali machungwa, na mimi nilimuahidi nitawaambia watoto. Wakanunua.

Hatua ya 6: Nyumbani

Barua ya kurasa mbili hakuna atakayesoma. Mi natuma jambo moja kwa mwezi, lisilozidisha gharama. La kwanza huwa hili: chai ya rangi msimpe mtoto pamoja na chakula, ngojeni kama saa moja hivi, kwa sababu chai inazuia mwili kuchukua madini ya chuma ya mbaazi na mchicha, na badala yake mkamulie ndimu juu ya mboga, inasaidia hayo madini kuingia. Mahamri na mbaazi hakuna aliyekataza, chai tu isogee.

Mwisho wa mwezi usiwaulize wazazi, waulize watoto nani nyumbani alikamulia ndimu. Watakwambia yote.