Namna ya kusoma miswada ya Kiswahili katika maktaba ya SOAS, London

Maktaba ya SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika kilichoanzishwa mwaka 1916, inahifadhi miswada mingi ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, zikiwemo tungo za Muyaka bin Haji ambazo Mwalimu Sikujua wa Mombasa alimnakilia mmishenari William Taylor.

Anza na katalogi ya mtandaoni ukiwa bado nyumbani. Tafuta jina la mtunzi kwa tahajia zaidi ya moja, pamoja na jina la mkusanyaji, kwa kuwa mara nyingi makusanyo huitwa kwa jina la aliyekusanya, wala si la aliyetunga. Jambo hilo huniuma, lakini usipolizingatia utakosa unachokitafuta. Nakili namba ya kumbukumbu kamili, kisha uagize mapema, maana hati hizi hazikai kwenye rafu za wazi.

Ndani ya chumba cha kusomea tumia penseli, kamwe si kalamu ya wino. Osha mikono na uikaushe vizuri, laza mswada juu ya mto wake, na ufunue kila ukurasa taratibu kwa kuushika pembeni.

Usomaji wenyewe ndio unaodai subira. Herufi ya be huweza kusimama kwa b, p au mb, hivyo neno moja lina njia kadhaa za kusomwa. Lisome kwa sauti ya chini ukifuata mizani na vina, na pale shaka inapobaki, andika njia zote.