Kitalu Nyumba cha Akuaponiki: Kata Matundu ya Hewa Kabla ya Kununua Samaki

Samaki wakianza kuelea juu ya tangi saa kumi jioni, wa kwanza kulaumiwa ni muuza vifaranga. Akitoka yeye, lawama inahamia kwenye chakula, kisha kwenye pampu. Banda hakuna anayeligusa, kwa sababu limegharimu fedha nyingi na linapendeza. Lakini ukilikagua unakuta nailoni imevutwa kutoka ardhini hadi kileleni, mlango ni mmoja, na pembeni kuna vidirisha viwili vya ukubwa wa kitabu cha mahudhurio. Hapo hujajenga kitalu nyumba. Umejenga tanuri, ukaweka samaki ndani.

Nimechoka kulirudia hili kwa mkulima mmoja mmoja, kwa hiyo naliandika mara moja. Akuaponiki ni kufuga samaki na kukuza mboga kwa maji yaleyale; jinsi samaki wanavyolisha mboga sitaieleza, uliyefikia hatua ya kununua nailoni unaijua.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachoua. Joto lenyewe ni nadra kumuua perege, kwani hukua vizuri kwenye maji ya nyuzi 27 hadi 30 za Selsiasi na huvumilia zaidi ya hapo kwa muda. Tatizo ni kwamba maji yakipata joto, mambo matatu hutokea kwa pamoja. Oksijeni hupungua: maji ya nyuzi 20 yaliyoshiba hewa hubeba takriban miligramu 9 kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba 7.5, na ya nyuzi 35 karibu 7 tu. Wakati huohuo mwili wa samaki hufanya kazi kwa kasi zaidi na kudai oksijeni nyingi kuliko alivyodai asubuhi. La tatu ndilo wengi hawalijui. Amonia, yaani sumu inayotokana na uchafu wa samaki, ileile uliyoipima jana huwa na sumu kali zaidi leo. Kwenye maji ya pH 8 (pH ni kipimo cha asidi au alkali ya maji), sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu huwa chini kidogo ya asilimia 4 maji yakiwa nyuzi 20, lakini yakifika nyuzi 30 huwa karibu asilimia 7.5. Kipimo kinasoma namba ileile, samaki anavuta sumu mara mbili. Mfumo mpya, ambao bakteria wake wa kugeuza amonia kuwa chakula cha mimea bado hawajashika na pH yake mara nyingi iko juu, ndio unaoumia zaidi.

Na mboga? Saladi ikikaa siku kadhaa juu ya nyuzi 26 hurusha shina la maua na majani yake huwa machungu. Nyanya hutoa maua mengi yanayopukutika, kwa kuwa chavua huharibika joto la mchana likipita 32 au 33. Yaani banda lililozibwa linakunyima pande zote mbili.

Sasa vipimo. Chukua utepe, usikadirie kwa macho.

Matundu ya pembeni yakijumlishwa yafikie angalau asilimia 20 ya eneo la sakafu, na ya juu yafikie kiasi hichohicho. Nasisitiza ya juu. Hewa moto hupanda, na isipopata pa kutokea kileleni hukaa chini ya nailoni na kushuka polepole hadi kwenye mimea, hata kama kuta umezikunja zote. Banda la mita 6 kwa 8 lina sakafu ya mita za mraba 48, na asilimia 20 yake ni 9.6. Kwa pembeni, tundu linalokwenda urefu wote wa mita 8, lenye kimo cha sentimita 60, pande zote mbili, linakupa 9.6 kamili. Kwa juu, jenga paa la ngazi: upande mmoja uupite mwingine kwa mita 1.2, na pengo hilo liachwe wazi urefu wote wa banda. Hapo napo ni 9.6.

Wengi wanaojitahidi huishia hapo, kisha wanafunika matundu hayo kwa wavu wa wadudu na hesabu yote inaharibika. Wavu wenye matundu madogo ya kumzuia inzi mweupe unaweza kukata mtiririko wa hewa kwa nusu au zaidi. Kuuacha huwezi, maana kwenye akuaponiki hunyunyizi dawa ya wadudu; itaishia kwa samaki. Dawa yake ni kuongeza eneo. Tundu la pembeni lililokuwa sentimita 60 lipandishe hadi mita 1.2. Kwa juu, ukuta wa mbele na wa nyuma, kuanzia mita 2.5 kwenda kileleni, usitie nailoni kabisa. Weka wavu mtupu. Utapata mita za mraba 5 hivi za nyongeza. Haziongezi mara mbili, ila kimo kinafidia, mradi usikipunguze. Kuta za mita 2.5 na kilele cha mita 4 ndicho kiwango cha chini. Usijenge banda la mita 2 kwa kuhesabu nailoni unayookoa. Kadiri paa linavyokuwa karibu na mimea, ndivyo joto lake linavyoshuka juu yao. Na wavu uoshe kila baada ya wiki mbili, kila wiki penye vumbi. Wavu uliojaa vumbi ni ukuta.

Ubavu mrefu wa banda ukabili upepo unaovuma mara nyingi, na pengo la paa litazame upande ambao upepo unaelekea, ili upepo uvute hewa moto nje badala ya kuirudisha ndani.

Kuna wanaoniambia, "Nitaweka feni." Feni inayoning'inia katikati ya banda lililofungwa inakoroga hewa moto, basi. Ukitaka feni ifanye kazi, iwe ya kutoa hewa nje, yenye uwezo wa kubadili hewa yote ya banda mara moja kila dakika. Kwa banda letu la mfano hiyo ni takriban mita za ujazo 9,000 kwa saa, na lazima upande wa pili kuwe na uwazi wa kutosha wa kuingizia hewa. Ukikokotoa umeme wa feni hiyo utaona matundu ni rahisi kuliko ulivyodhani.

Wavu wa kivuli uwe wa kuzuia asilimia 30 hadi 50 ya mwanga, na utandazwe NJE ya nailoni, juu yake, ukiacha nafasi ya sentimita 20 au 30 ili hewa ipite katikati. Naona kila mara umefungwa ndani. Ukiwa ndani, jua limeshaingia. Wavu unapata moto na kulirudisha joto hilo humohumo, na mimea inakosa mwanga juu ya hasara hiyo.

Tangi la samaki lina sheria zake. Mahali penye joto mwaka mzima, mimi ningeliweka nje ya kitalu kabisa, chini ya paa lake lenye kivuli, mabomba pekee yaingie ndani. Kama ni lazima liwe ndani, lizamishe nusu ardhini, lifunike kwa kifuniko kisichopitisha mwanga, na liwe upande usiopigwa na jua la alasiri. Kumbuka lita 1,000 ni tani nzima. Udongo wa kujazia usioshindiliwa utatitia na mabomba yatakatika kwenye maungio.

Walio sehemu za baridi wana kisingizio chao: usiku. Wanaziba kila tundu kuokoa joto la usiku, kisha wanasahau kufungua mchana. Maji yenyewe ni ghala la joto. Lita 1,000 zikipoa kwa nyuzi moja tu hutoa joto sawa na hita ya wati 1,160 iliyowashwa saa nzima. Kwa hiyo tengeneza mapazia ya kukunja kwa mkono, si nailoni iliyopigiliwa misumari moja kwa moja. Fungua kabla ya saa mbili asubuhi, usingoje utoke jasho ukiwa ndani, na ufunge saa kumi na moja jioni.

Kabla ya kuleta samaki hata mmoja, jaza maji, washa pampu na upime kwa siku 14. Mfumo unahitaji wiki nne hadi sita za kukuza bakteria kabla ya kubeba samaki wengi, kwa hiyo hupotezi muda wowote. Kipimajoto cha hewa kining'inie kwenye kimo cha mimea, ndani ya kivuli. Si mlangoni, na si juani. Kisome saa nane mchana. Cha maji kisome saa kumi na moja jioni, kwa sababu maji huchelewa kufikia kilele chake. Ukisoma saa tatu asubuhi na kuandika "sawa" umejidanganya mwenyewe. Hewa ya ndani ikizidi ya nje kwa zaidi ya nyuzi 5, matundu hayatoshi: ongeza. Maji yakipita 32, rekebisha kivuli cha tangi kwanza. Banda likiwa sawa, samaki hukimbilia chakula hata alasiri.

Siku ikitokea joto limepanda tayari una samaki, acha kulisha, ongeza mawe ya hewa (yale yanayotoa viputo majini), fungua kila kitu. Usimwage ndoo za maji ya bomba yenye klorini; utaua bakteria na kujiongezea amonia. Barafu itiwe ikiwa ndani ya chupa zilizofungwa, na maji yasishuke zaidi ya nyuzi 2 kwa saa. Pampu ya hewa ya betri iwepo siku zote, kwani oksijeni hufika chini kabisa kabla ya alfajiri, na umeme ukikatika saa hizo hutajua hadi kumekucha.

Kuhusu fremu, mawili tu. Bomba la chuma lililopakwa zinki lisipite juu ya tangi, maana umande wa usiku hudondosha zinki majini na zinki ni sumu kwa samaki; mbao zilizotiwa dawa nazo vilevile. Na ukitumia mabomba ya plastiki ya PVC, yapake rangi nyeupe ya maji kila yanapogusana na nailoni, la sivyo nailoni yenye unene wa mikroni 200 iliyopaswa kukaa miaka mitatu au minne itachanika kwenye mistari hiyohiyo mapema.