Mwimo Ukioza Mguu, Usiung'oe Mlango

Mwaka jana bibi mmoja wa Mji Mkongwe, Unguja, aliniita nimtazamie mlango wake. Mlango wa mvule, mnyororo umechongwa miimo yote miwili, yaani nguzo za kando za fremu, mawaridi kwenye kizingiti cha juu. Mwimo wa kushoto ulikuwa umeoza mguu, karibu shibiri moja kutoka chini. Fundi aliyetangulia alishamwambia mwimo wote utolewe uwekwe mpya.

"Ndivyo, mwanangu?"

"Sivyo, bibi. Tutakata palipooza tu. Penginepo pazima."

Mti uliokwisha kukauka miaka yote hiyo, wenye mkono wa fundi aliyekwisha kufa, huwezi kuununua popote. Kwa hiyo anza kwa kutafuta maji yanatoka wapi. Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa huvuta unyevu ikautoa. Ukiipiga plasta ya saruji juu yake, unyevu unakosa pa kutokea, unahamia kwenye mti. Hapa saruji ilikuwa imeng'ang'ania mwimo pande mbili. Niliibandua, mwashi akarudisha chokaa. Ukiiacha saruji, kiraka chako nacho kitaoza.

Kisha pima ubovu. Gonga kwa mpini wa patasi ukishuka polepole: mti mzima unalia, mbovu unanyamaza. Choma kwa bisibisi nyembamba upande wa nyuma usio na nakshi. Inapogoma, tia alama, ongeza vidole viwili juu yake. Piga picha, halafu bandika karatasi juu ya nakshi uisugue kwa ubavu wa penseli. Mchoro wote utatokea. Na kwa kuwa Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, nenda Mamlaka ya Mji Mkongwe ukaombe kibali kabla hujashika msumeno.

Kiraka kiwe cha mti uleule. Paruza kidogo nyuma: mvule ukikatwa huwa wa manjano, kisha hukolea kahawia, msaji (mtiki) una utelezi wa mafuta na harufu kama ya ngozi. Mvule hubeba vijiwe vyeupe ndani yake, basi ukisikia patasi inakwaruza, simama, makali yasije yakapasuka. Funika pua pia, vumbi lake linawasha. Kipande changu nilikipima kwa mizani ya dukani kila Ijumaa, na uzito ulipoacha kushuka wiki tatu mfululizo nikajua kimekauka, ndipo nikakitia randa.

Sasa kukata. Shikilia mzigo kwanza: nguzo mbili chini ya kizingiti cha juu, zikazwe kwa kabari. Usikate mkato wa kulala. Kata mshazari, chini upande wa barabarani, juu upande wa ukutani, na urefu wa mshazari uwe mara tatu ya unene wa mwimo. Mwimo huu ulikuwa na unene wa inchi 3, nikapata mshazari wa inchi 9. Mteremko ukielekea nje, maji yakipenya yanatiririka yakatoka. Tena nyuma ndiko kulikooza zaidi, kwa hiyo mkato wa namna hii unaokoa nakshi ya mbele.

Acha unene wa ukucha, umalizie kwa patasi pana. Sugua penseli kwenye uso wa mti wa zamani, sukuma kiraka juu yake, kitoe. Palipochafuka ndipo panapogusa. Papunguze kama unavyomenya embe. Nilirudia mara kumi na moja mpaka doa likaenea uso wote. Hapa ndipo usikubali kuharakishwa na mtu yeyote.

Andika mwaka kwa penseli ndani ya kiungo, fundi ajaye aujue. Kisha gundi nyembamba na vigingi viwili vya mvule mkavu, vya pembe nane kwenye tundu la duara, ili pembe zing'ate. Misumari ya chuma hapana: chumvi ya bahari huipa kutu, kutu huvimba, mti unapasuka.

Nakshi ichongwe kiraka kikiwa mahali pake, mistari ya zamani ikuongoze mkono. Mnyororo niliuendeleza kwa kuutazama mwimo wa kulia. Chini kabisa palikuwa na umbo lililofutika miimo yote miwili. Pale niliacha mti mtupu. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, wa kimataifa kuhusu kutunza majengo ya kale, unasema hivyo hivyo: matengenezo yakome pale kubuni kunapoanza.

Malizia kwa mafuta ya kitani, mepesi, mara mbili, ukifuta yanayobaki. Vanishi usitie, inafungia unyevu ndani. Matambara yenye mafuta hayo yatandaze nje yakauke. Yakirundikwa yanaweza kuwaka moto yenyewe.

Rudi baada ya masika. Mimi nilikuta uzi mwembamba umefunguka upande wa juu wa kiungo, hata karatasi haikupita. Nikauacha. Ungepitisha ukucha, ningechonga ubamba wa mvule niupachike humo, maana uji wa gundi na vumbi la mbao hudondoka mvua za mwaka unaofuata.