Jinsi ya kupata malazi nafuu ya familia Paris, hatua kwa hatua

Hoteli nyingi za Paris zimepangwa kwa watu wawili. Familia ya watu watano ikiomba chumba, jibu huwa ni vyumba viwili, na bei inaruka mara mbili hapo hapo. Mwongozo huu ni kwa familia ya watu wanne hadi sita wanaokaa siku tatu hadi kumi. Kosa kubwa ni kulinganisha bei ya usiku mmoja. Linganisha jumla: vitanda, ada ya usafi, kodi ya utalii, nauli na chakula. Mara nyingi jumla hiyo hupindua kabisa mpangilio ulioonyeshwa na tovuti.

Hatua ya 1: Andika umri wa kila mtoto

Andika umri atakaokuwa nao siku ya kusafiri, siyo alio nao leo, kwa sababu bei hubadilika kwa umri. Chini ya miaka 4, metro (treni ya chini ya ardhi) ni bure. Kuanzia miaka 4 hadi 9, nauli ni nusu. Hoteli za Novotel hupokea watoto wawili wa chini ya miaka 16 bure katika chumba cha wazazi, pamoja na kifungua kinywa chao. Na mtu yeyote wa chini ya miaka 18 halipi kodi ya utalii.

Usimfiche mtoto wa tatu ili bei ishuke. Kila chumba kina idadi ya watu iliyoruhusiwa, na mapokezi wana haki ya kukutaka ulipie chumba cha pili saa nne usiku, kwa bei ya saa hiyo.

Hatua ya 2: Sogeza tarehe kabla ya kusogeza bajeti

Wazazi wengi hudhani Agosti ndiyo ghali kuliko yote. Paris si hivyo. Wafanyabiashara hawapo na wenyeji wamekwenda pwani, kwa hiyo hoteli nyingi hushusha bei, ingawa utakuta maduka ya mikate kadhaa yamefungwa. Miezi migumu ni Mei, Juni, Septemba na mwanzo wa Oktoba: tenisi ya Roland-Garros huangukia mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni, wiki za mitindo huja mwishoni mwa Septemba, na kila mwaka usiogawanyika kwa mbili Juni huleta maonyesho ya ndege ya Le Bourget. Januari baada ya mwaka mpya, na Novemba, ndiyo miezi ya bei nafuu, ukivumilia baridi.

Tazama pia siku za wiki. Mtaa wa ofisi kama La Défense hujaa Jumatatu hadi Alhamisi na kubaki mtupu Ijumaa hadi Jumapili. Hapo hoteli ya nyota nne inaweza kushuka hadi bei ya nyota tatu ya katikati ya mji.

Hatua ya 3: Chagua reli kwanza, mtaa baadaye

Tangu Januari 1, 2025, tiketi moja ya metro na treni za RER (zinazounganisha mji na vitongoji) ina bei moja katika mkoa mzima wa Île-de-France, isipokuwa ya uwanja wa ndege. Ilianza kwa euro 2.50, na huongezwa kidogo kila Januari. Kabla ya hapo, nauli ya treni ilipanda kadiri ulivyotoka mjini. Kwa hiyo sababu kubwa ya kukwepa vitongoji imeondoka, lakini ushauri mwingi unaosambaa mtandaoni bado ni wa enzi ya zamani.

Ndani ya mji, familia zipate kwanza bei za wilaya ya 12, 13, 14, 15, 19 na 20. Ya 15 ina fleti nyingi na unaweza kutembea hadi mnara wa Eiffel. Ya 12 ina msitu wa Vincennes. Ya 13 ina maduka makubwa ya vyakula vya Asia, na mchele humo ni rahisi. Nje ya mji, angalia Montreuil (metro namba 9), Vincennes (namba 1 na RER A), Issy-les-Moulineaux (namba 12), Ivry na Villejuif (namba 7). Saint-Ouen pia ni nzuri, lakini pima umbali hadi kituo cha namba 14. Namba 13 inapita huko pia, ila kuipanda na watoto asubuhi ya siku ya kazi ni adhabu.

Mstari namba 14 una faida ya peke yake: vituo vyake vyote vina lifti, na tangu Juni 2024 unafika uwanja wa ndege wa Orly. Mwenye kigari cha mtoto na masanduku matatu ataelewa maana yake, kwani vituo vingi vya metro ya zamani ni ngazi tupu. Ukitua Orly, anza utafutaji wako Bercy, Olympiades au Maison Blanche.

Kanuni yetu: kubadili treni mara moja tu hadi katikati ya mji, na kituo kisizidi mita 600 kutoka mlangoni. Mtu mzima hutumia dakika nane. Mtoto wa miaka minne, jioni, baada ya makumbusho, hutumia ishirini na kisha hubebwa.

Hatua ya 4: Chagua aina ya malazi kwa idadi ya usiku

Usiku mmoja hadi mitatu, chumba cha familia cha hoteli kwa kawaida hushinda, kwa sababu hakuna ada ya usafi. Ukihitaji vyumba viwili, omba vyenye mlango wa ndani kati yao, *chambres communicantes*, na uandikiwe kwamba umehakikishiwa. Neno "ikiwezekana" maana yake unaweza kuwekwa ghorofa ya pili na watoto ya tano.

Usiku minne kwenda juu, fleti au hoteli yenye jiko ndani (Adagio na Citadines ndizo utakazokutana nazo zaidi) huanza kulipa. Usisahau hosteli za kisasa: nyingi zina vyumba vya faragha vya vitanda vinne au sita, vya deka. Hosteli ya Yves Robert katika wilaya ya 18 na FIAP katika ya 14 ni mifano mizuri. Uliza tu kuhusu watoto, kwani mahali pengine hawaruhusiwi vyumba vya pamoja ila wanaruhusiwa chumba cha faragha.

Hatua ya 5: Soma tangazo la fleti kama mkaguzi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Chukua tangazo la namna hii, lililo la kawaida kabisa:

*T2, 31 m², 6 couchages, 4e étage sans ascenseur, clic-clac, lit 140.*

T2 ni vyumba viwili kwa jumla, yaani sebule na chumba kimoja cha kulala. Haimaanishi vyumba viwili vya kulala. Ukitaka hivyo tafuta T3. *6 couchages* ni nafasi sita za kulala, siyo vitanda sita: wawili chumbani, wawili kwenye kochi la sebuleni, na wawili waliobaki pengine ni godoro la upepo lililosukumwa chini ya kitanda. *Clic-clac* ni kochi la kukunjua lenye mshono katikati, na mshono huo hukaa chini ya mbavu. Linafaa watoto wawili wadogo, siyo bibi. *Lit 140* ni kitanda cha sentimita 140 kwa 190, ambacho Ufaransa ndicho cha kawaida cha watu wawili. Wazazi wenye miili yao na mtoto mchanga katikati hawatalala. Na *4e étage sans ascenseur* ni ghorofa ya nne bila lifti. Wafaransa huanza kuhesabu juu ya ghorofa ya chini, inayoandikwa *RDC*, kwa hiyo unapanda ngazi za ghorofa nne kamili, mara nyingi za mzunguko, na upana wake unaweza usitoshe kigari.

Gawa mita za mraba kwa idadi ya watu. Chini ya mita 8 kwa kila mtu, mtaanza kugombana siku ya tatu. Kwenye picha, tafuta meza na uhesabu viti. Nyumba ya "watu sita" yenye viti vitatu inakueleza ilipangwa kwa wangapi hasa. Tafuta pia mashine ya kufulia (*lave-linge*), kitanda cha mtoto cha kukunja (*lit parapluie*), na kama ni Julai au Agosti, kiyoyozi au angalau madirisha ya pande mbili. Nyumba nyingi za zamani hazina kiyoyozi, na chumba cha chini ya paa la zinki hugeuka tanuri.

Kisha tafuta namba ya usajili. Paris huidai kwa nyumba za kukodisha kwa watalii. Iliyozoeleka ina alama 13, huanza na 751, na mbili zinazofuata ni wilaya. Namba inayoanza 75111 kwenye tangazo linalodai liko wilaya ya 6 inahitaji maelezo. Sheria ya Novemba 2024 imeleta usajili wa kitaifa, kwa hiyo mpangilio unaweza kubadilika, lakini namba lazima iwepo. Nyumba isiyo halali inaweza kuondolewa kwenye tovuti wiki mbili kabla ya safari yako. Utarudishiwa pesa, lakini kwa pesa hiyo hutapata tena kitu cha maana.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya jumla

Namba hizi ni za mfano, weka zako. Baba, mama, watoto wa miaka 14, 8 na 3, usiku sita.

Hoteli ya nyota tatu, vyumba viwili vya euro 125: 1,500. Kodi ya utalii kwa watu wazima wawili, kama euro 5.50 kila mmoja kwa usiku: 66. Mkate wa asubuhi, 15 kwa siku: 90. Chakula cha jioni nje, 70: jumla 420. Vyote ni euro 2,076.

Fleti ya T3 Montreuil kwa 150: 900. Usafi 90, ada ya tovuti 130, kodi ya utalii 60, kupika asubuhi na jioni kwa 35 kwa siku: 210. Vyote ni 1,390.

Sasa fanya usiku mitatu kwa familia ya wanne, malazi peke yake bila chakula. Chumba cha familia cha nyota nne kwa 170 ni 510, na kodi ya nyota nne inayozidi euro 8 kwa mtu mzima huleta kama 50: jumla 560. Fleti ile ile: 450, usafi 90, ada 65, kodi 30, jumla 635. Ada ya usafi haipungui kwa kukaa siku chache, ndiyo maana mizani inageuka.

Kupika kunahitaji soko. Mitaa ya Château Rouge, wilaya ya 18, ina mihogo, ndizi za kupika, bamia na samaki, na soko lake la Dejean linajulikana kwa Wakongo wote wa Paris. Bucha za halali utazipata hapo karibu, Barbès, na Belleville. Soko la Aligre, wilaya ya 12, hufunguliwa kila siku isipokuwa Jumatatu.

Kwenye nauli kuna upenyo mmoja mzuri. Tiketi ya uwanja wa ndege ilikuwa euro 13 kwa kila mtu mzima mwaka 2025, kwenda na kurudi 26. Pasi ya wiki, Navigo Semaine, ilikuwa 31.60, nayo inajumuisha safari za uwanjani na metro yote ya wiki. Tatizo ni kwamba huhesabiwa Jumatatu hadi Jumapili, siyo siku saba tangu uinunue. Ukiweza kufika Jumatatu na kuondoka Jumapili, ndiyo ununue. Ukifika Alhamisi, achana nayo. Kadi yake ni euro 5 na inahitaji picha ya milimita 25 kwa 30; chapisha nyumbani.

Hatua ya 7: Mwandikie mwenyeji kabla ya kulipa

Ujumbe mfupi wa Kifaransa hujibiwa haraka kuliko mrefu wa lugha nyingine. Nakili huu na ubadili umri:

*Bonjour, nous sommes 2 adultes et 3 enfants (14, 8 et 3 ans). Pouvez-vous confirmer le nombre de lits, l'étage, l'ascenseur et le prix total, ménage et taxe de séjour compris ? Merci.*

Unauliza idadi ya vitanda, ghorofa, lifti, na bei kamili pamoja na usafi na kodi. Akijibu kwa kukutaka ulipe nje ya tovuti, kwa benki au kwa njia ya simu, ili "upate punguzo", ishia hapo. Hata akiwa mwaminifu, umeshapoteza ulinzi wa tovuti.

Hatua ya 8: Weka nafasi kwa kufuata viza

Anayeomba viza ya Schengen kutoka Afrika Mashariki achague malazi yanayofutika bure, na yenye majina ya familia yote na usiku wote bila pengo. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15. Ada tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi chini ya 12, bure kwa walio chini ya miaka 6. Usifute nafasi mara tu baada ya kuwasilisha maombi, kwani ubalozi unaweza kupiga simu hotelini.

Mkifikia kwa ndugu, yeye ndiye anayekwenda mwenyewe ofisi ya mji wake, *mairie*, kuomba *attestation d'accueil*, hati ya kuthibitisha kwamba atawapokea. Stempu yake ni euro 30. Aanze mapema, maana ofisi nyingine hutoa miadi ya wiki kadhaa mbele, na karatasi halisi inapaswa ikufikie.

Hatua ya 9: Siku ya kufika

Hakikisha unayo namba ya mlango wa barabarani, *digicode*, kabla ndege haijaruka. Bila hiyo utasimama nje na watoto ukitazama vitufe. Ukiingia, kabla ya kufungua masanduku, piga picha za jiko, kochi likiwa limekunjuliwa, bafu na kila mkwaruzo. Kama vitanda si vile ulivyoahidiwa, lalamika kwa maandishi ndani ya tovuti siku hiyo hiyo, ukiambatisha picha. Tovuti nyingi hutoa saa 24 hadi 72 tu. Na usihamie hotelini kabla hawajakujibu, la sivyo gharama ya usiku huo inabaki kuwa yako.