Baada ya Upasuaji wa Saratani ya Tezi za Jasho: Namna ya Kusoma Majibu na Kuufuatilia Mguu

Porokasinoma ni saratani adimu inayoanzia kwenye mifereji ya tezi za jasho, mara nyingi mguuni, na huwapata zaidi watu waliovuka miaka 60. Baadhi yake huota juu ya uvimbe wa kawaida uliokaa miaka mingi bila kumsumbua mwenyewe. Kwa mtu wa mwambao wa Ziwa Victoria, ambaye mguu wake haukosi kukwaruzwa na mawe, miiba ya samaki au mbao za mtumbwi, ni rahisi uvimbe huo kuitwa chunjua au sugu, ukakatwa kwa wembe au kuchomwa kwa dawa, mpaka siku utakapoanza kutoa damu kila unapoguswa. Mwongozo huu unamhusu mgonjwa ambaye uvimbe umekwisha kutolewa na saratani imethibitishwa, pamoja na ndugu anayemwuguza.

Anza na karatasi ya majibu ya kinyama, yaani kipande cha uvimbe kilichopimwa maabara. Usiridhike kuambiwa kwa mdomo kwamba “imetoka yote”; omba nakala, ipige picha kwa simu, kisha mwombe daktari akuonyeshe mambo matatu. La kwanza ni kingo, yaani kama pembezoni mwa nyama iliyokatwa hapakuwa na seli za saratani. Ikiwa kingo si safi, suala la kufuatilia linasubiri, kwa sababu kinachohitajika kwanza ni upasuaji wa pili. La pili ni kina: katika uchunguzi wa wagonjwa 69 uliochapishwa mwaka 2001, uvimbe uliozama zaidi ya milimita 7 uliambatana na matokeo mabaya zaidi. La tatu ni kama seli zimeonekana ndani ya mishipa ya damu au ya limfu (majimaji ya mwili yanayopita kwenye tezi za kinga), kwa kuwa hiyo ndiyo njia zinayopitia kwenda kwingine. Wingi wa seli zinazogawanyika nao una uzito, na daktari ataueleza akiulizwa.

Kuhusu matarajio, takwimu zinazotajwa mara nyingi ni kwamba, kati ya wagonjwa 10, karibu 2 hurudiwa na uvimbe mahali pale pale, karibu 2 saratani hufika kwenye mitoki (tezi za limfu, kama zile za kinenani), na karibu 1 husambaa hadi viungo vya mbali kama mapafu, ini au mifupa. Mitoki ikishashambuliwa hali hubadilika sana. Katika mapitio ya zamani takriban theluthi mbili ya wagonjwa wa namna hiyo walifariki. Takwimu hizi zisomwe kwa tahadhari, kwani ugonjwa ni adimu, wagonjwa waliohesabiwa ni wachache, na visa vibaya ndivyo vinavyoandikwa zaidi. Hata hivyo zinaonyesha wazi kwamba wengi hupona kwa upasuaji peke yake, na kwamba mahali pa kulinda ni kovu na kinena.

Hakuna ratiba moja ya kliniki iliyokubaliwa dunia nzima, lakini madaktari wengi humwona mgonjwa kila baada ya miezi 3 hadi 6 kwa miaka 2 ya mwanzo, kisha kila miezi 6 hadi mwaka kufikia mwaka wa 5. Kwa Kanda ya Ziwa, rufaa nyingi huishia Bugando, hospitali ya rufaa ya jijini Mwanza. Anayevuka kwa meli kutoka Nansio, au anayetoka Sengerema kupitia daraja la Kigongo–Busisi, hana haja ya kufunga safari kwa kila ukaguzi, mradi daktari bingwa amwandikie barua ya kupeleka hospitali ya wilaya ikieleza nini kipapaswe na lini arudishwe Mwanza. Barua hiyo iombwe siku ile ile ya kuruhusiwa. Kuitafuta baadaye ni usumbufu mtupu.

Kati ya kliniki na kliniki kuna ukaguzi wa nyumbani, mara moja kwa mwezi. Kwa mvuvi wa dagaa, wakati mzuri ni siku za mbalamwezi, ambapo taa hazivuti dagaa na mitumbwi imepumzika ufukweni. Kaa penye mwanga wa jua, weka sarafu kando ya kovu ili ukubwa ulinganishike, na upige picha kutoka umbali ule ule kila mara. Pitisha kidole juu ya kovu lote, kisha panda taratibu hadi gotini na pajani, kwa maana saratani hii ina tabia ya kuchipua vinundu vidogo kwenye ngozi kandokando ya njia ya limfu, navyo hudhaniwa kuwa vipele vya joto.

Baada ya hapo lala chali, kunja goti kidogo, na kwa ncha za vidole vitatu vilivyolala pamoja papasa polepole kwenye mkunjo wa paja na chini yake kidogo, halafu fanya hivyo upande wa pili. Papasa na nyuma ya goti. Watu wengi wanaotembea pekupeku wana mitoki midogo kinenani miaka yote, kwa hiyo kuuhisi mtoki si habari mbaya yenyewe. Mtoki wa kidonda huuma ukiguswa na hunywea kadiri kidonda kinavyopona. Wa kutiliwa shaka ni ule mgumu, usiouma, usiosogea chini ya kidole, unaoendelea kukua au usiopungua baada ya wiki mbili au tatu. Huo haungoji tarehe ya kliniki. Unahitaji ultrasaundi na kufyonzwa seli kwa sindano.

Kikohozi kisichokoma, maumivu ya mfupa yanayozidi usiku, kichwa kinachouma kwa namna mpya na kukonda bila sababu navyo viripotiwe mapema. Mguu ukivimba wote baada ya mitoki kutolewa, mara nyingi ni limfu iliyokosa njia. Mguu uinuliwe wakati wa kupumzika na uchunguzwe.

Saratani ikirudi, tegemeo la kwanza bado ni kukata tena, pamoja na mitoki iliyoathirika, na mionzi huongezwa kwa baadhi ya wagonjwa. Dawa za saratani zimejaribiwa, ila matokeo yake hayatabiriki.

Mhudumu wa zahanati huenda hajawahi kukutana na ugonjwa huu. Mpe karatasi ya majibu kabla hujaeleza lolote, na kinundu kipya kikionekana karibu na kovu, omba rufaa ya kuchukuliwa kinyama badala ya kukubali dozi nyingine ya vidonge vya usaha.