Namna ya Kuzisoma Fuwele za Theluji Zitokazo Kwenye Mawingu ya Milimani

Tandaza mahameli nyeusi juu ya ubao na uuache nje, pasipofikiwa na theluji, hadi upoe sawasawa na hewa, kwani kitambaa chenye joto huyeyusha fuwele kabla hujaziona. Kinga theluji kwa sekunde chache tu, kisha itazame kwa lenzi inayokuza mara 10, huku ukielekeza pumzi yako pembeni. Jiepushe na kingo za mlima ambako upepo huinua theluji iliyokwisha kuanguka, maana vipande vyake vitakupotosha.

Maji ya wingu hayagandi lazima yanapofika nyuzi 0 za Selsiasi. Vitone vidogo visivyo na uchafu huweza kubaki maji hadi karibu nyuzi 38 chini ya sifuri, isipokuwa vikutane na kiini cha kugandia, kama vile vumbi la udongo au baadhi ya bakteria. Fuwele ikishaanza, hukua haraka kwa kunyonya mvuke, na vitone vilivyo jirani hukauka ili kuilisha.

Anza na umbo. Mwaka 1936 mwanafizikia Nakaya Ukichiro alitengeneza fuwele za theluji katika maabara huko Japani, na kazi yake ilionyesha kwamba umbo hufuata halijoto na unyevu. Sindano nyembamba hutokea karibu na nyuzi 5 chini ya sifuri, na nyota zenye matawi sita karibu na nyuzi 15 chini.

Kisha tafuta dalili za kuzaliana, yaani fuwele moja kuzaa nyingine, ambazo kwangu ndizo zenye thamani kubwa zaidi, kwa sababu fuwele za wingu huweza kuzidi viini vyake mara mia au hata elfu. Wanasayansi Hallett na Mossop walieleza mwaka 1974 kwamba vitone vinapogonga barafu na kuigandia, kati ya nyuzi 3 na 8 chini ya sifuri, vibanzi vidogo hurushwa, na kila kibanzi huweza kukua kuwa fuwele mpya. Kwa hiyo ukikuta sindano nyingi pamoja na chembe zilizojaa vitone vilivyogandia juu yake kama vipele vyeupe, una sababu nzuri ya kushuku mchakato huo. Matawi ya nyota yaliyovunjika huashiria migongano, ingawa upepo wa chini nao huyavunja.

Andika pia halijoto ya mahali ulipo. Kwa kawaida hewa hupoa takriban nyuzi 6.5 kila mita 1,000. Hivyo, kukiwa na nyuzi 1 chini ya sifuri, sindano hizo huenda zilikulia mita 600 hivi juu yako.