Somo: Kuendesha mgahawa wa gatini na kumfanya mgeni akae

Wengi humu kikundini mmeniuliza vipi kibanda cha meza sita mbele ya gati la Lamu kinasomesha watoto watatu. Jibu langu huwaudhi watu: tafuta jedwali la saa za maji kujaa na kupwa kabla hujanunua birika.

Hatua ya 1: Yajue maji

Gatini hakuna saa ya chakula cha mchana. Kuna maji kujaa na maji kupwa. Boti za Faza na Kizingitini, kisiwani Pate, hupitia Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, na maji yakipwa hapapitiki. Basi zinaondoka kwa maji, na abiria huja mapema asije akaachwa. Yule aliyekaa saa nzima juu ya gunia lake la unga ndiye mteja wako mkuu, wala si mtalii. Maji nayo kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Ukikaanga bajia kwa saa ileile wiki nzima, Jumatatu utauza zote, Ijumaa utakula na wanao.

Wazee hawana jedwali, wana mwezi. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Bamvua ndizo siku za pweza, kwa sababu miamba inabaki wazi na watu wanamfuata kwa miguu. Siku hizo supu ya pweza naipika sufuria kubwa. Mwaka wangu wa kwanza niliwaahidi wageni 12 pweza wa nazi, na mwezi ulikuwa nusu, tarehe 8. Nilizunguka mji mzima. Mwisho niliwapa ngisi, nimemnunua kwa bei ambayo mpaka leo sijamwambia mume wangu.

Kuna wateja wasiofuata maji: wanaovuka kwenda Mokowe, kule bara, kupanda basi la asubuhi. Hao wanatoka msikitini moja kwa moja. Chai iwe tayari baada ya sala ya alfajiri, na mahamri yafungwe kwenye karatasi. Mifuko ya plastiki Kenya ilishapigwa marufuku tangu 2017.

Hatua ya 2: Karatasi

Leseni ya biashara ya kaunti, na cheti cha afya kwa kila anayeshika chakula, hata yule kijana wa kuosha vikombe. Mji wa Kale wa Lamu ni urithi wa dunia tangu 2001, kwa hiyo kabla ya kupigilia hata kibaraza, pita kwanza ofisi ya Makumbusho ya Taifa.

Hatua ya 3: Chumvi na upepo

Maji ya mji wetu hutoka chini ya machuguu ya mchanga ya Shela, na ladha yake haiko sawa kila siku. Chai ndiyo jina lako. Mimi naipika kwa maji ya mvua niliyoyakinga masika. Kusi likishika, hasa Juni na Julai, usiweke mwavuli. Miwili yangu ilielekea Manda bila nauli. Sasa nina turubai la tanga, fundi wa majahazi alinishonea, nalikunja upepo ukizidi. Viti vya chuma chumvi huvila, chukua vya mbao. Na kama paa ni la makuti, pikia gesi. Cheche moja ya makaa inatosha.

Hatua ya 4: Vyakula vichache

Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi. Mchana samaki wa kukaanga. Jioni viazi karai, bajia, kahawa chungu na kashata. Juisi ya ukwaju siku zote. Bei iandikwe ukutani, moja kwa wote. Mgeni akijua jirani yake kalipa nusu ya alicholipa yeye, harudi, na atawaeleza wenzake hotelini.

Hatua ya 5: Ubao

Hili ndilo lililonitoa. Kila asubuhi naandika kwenye ubao mweusi: maji kujaa saa ngapi, kupwa saa ngapi, jua kutua saa ngapi, boti ipi inaondoka. Mtu anasimama kusoma, anauliza swali, anavuta kiti. Lakini andika saa zote mbili, yetu na ya Kizungu. Mwanzoni niliandika "saa 10", mgeni akaja saa nne asubuhi kuogelea, akakuta matope.

Manahodha wanaotembeza wageni siwapi kamisheni. Nawapa chai. Wanafunga dau karibu nami, wanasubiria hapo, na wageni wao wanawakuta hapo.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Kilifi: Dada, watalii wakiadimika unafanyaje?
Kaka yangu, Aprili na Mei mimi sina watalii kabisa. Napunguza samaki, naongeza mahamri. Kisha nahesabu kwa kalenda nyingine: Mfunguo Sita, mwezi wa sita baada ya Ramadhani, kuna Maulidi, watu wanatoka pwani nzima. Kawaida Novemba kuna tamasha la utamaduni, na mashindano ya punda hupita mbele ya meza zangu.

Kutoka Tanga: Ramadhani je?
Mchana mgahawa naufunga. Nafungua baada ya magharibi mpaka usiku, uji wa pilipili manga, kaimati na sambusa. Mgeni asiyefunga namfungashia chakula akale chumbani kwake, na sijaona aliyekasirika akielezwa vizuri.

Kutoka Pemba: Shoga, mabaharia wa huku wanakopa tu. Kwako vipi?
Wanakopa! Nina daftari. Anayevua namkopesha mpaka bamvua, si mpaka mwisho wa mwezi, maana mshahara wake uko baharini. Akishindwa fedha analeta samaki, tunapima kwa bei ya siku hiyo, mbele ya mwenzake. Asiyeleta chochote bamvua mbili mfululizo, jina lake nalihamishia ukurasa wa nyuma. Wote wanajua ukurasa huo una maana gani, kwa hiyo hauna majina mengi.

Kutoka Lamu: Na paka?
Vichwa vya samaki, nyuma ya jiko, saa moja jioni. Ukiwachelewesha watakuja mezani wenyewe.